Taa ya duara ya Kariakoo: tathmini ya mwigizaji anayeanza

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa kwanza. Taa ya duara ya inchi 10, pamoja na stendi ya miguu mitatu na kishikio cha simu, nimeinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 35,000. Muuzaji alianzia 45,000. Ile ndogo ya inchi 6 ya kuweka mezani alikuwa anauza 15,000, na ile kubwa ya inchi 18 wanayotumia wapambaji wa maharusi hakukubali kuishusha chini ya 120,000. Usiulize jina la kampuni, halipo. Boksi limeandikwa Kichina na Kiingereza, na maduka ya mstari ule yanauza taa ileile kwenye maboksi ya rangi tofauti. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yatakufaa hata ukinunua Mwanza au Mbeya.

Maelezo mengi ya taa hizi yametolewa na wauza vipodozi na wanaoingia laivu TikTok. Mimi ni mwigizaji, ninayeanza, na naitumia kujirekodi kwa ajili ya usaili. Hayo ni mahitaji mengine kabisa. Muuza vipodozi anataka uso ung'ae usiwe na kivuli hata kidogo. Mimi nataka dairekta aliyekaa ofisini, anayepitisha video za watu wengi asubuhi hiyo, ayaone macho yangu na ajue mhusika anawaza nini kabla hajafungua mdomo.

Usaili wa kujirekodi uko hivi. Wanakutumia sini, yaani kipande cha ukurasa mmoja au miwili ya skripti, kwa WhatsApp, unaishika mistari yako, unajirekodi kwa simu, unawarudishia kabla ya saa waliyokupa. Zamani mlango ulikuwa kundi la maigizo. Waigizaji kina Kanumba na Ray walitokea kundi la Kaole: unaingia kundini, unafanya mazoezi kila jioni, wakubwa wanakuona, siku moja mtu haji na nafasi yake inakuwa yako. Makundi bado yapo na mimi nimelelewa na mojawapo. Nimefagia ukumbi, nimebeba mabegi ya mavazi ya wenzangu, nimekaa nyuma ya pazia nikimsomea mkubwa mistari anayoisahau. Pumzi, sauti ya kufika kiti cha mwisho, kumsikiliza mwenzako badala ya kusubiri zamu yako ya kusema: hayo yote nimeyapata kule na hakuna taa itakayonipa. Ila siku hizi tamthilia za kwenye ving'amuzi zinahitaji sura mpya kila mara, na watu wa matangazo ya biashara wakikuuliza leo wanataka jibu kesho. Wanaomba video.

Naishi Majumba Sita, karibu na uwanja wa ndege. Usaili mwingi unafanyika Kinondoni, Sinza, Mikocheni, Mbezi Beach. Unaambiwa saa tatu asubuhi, unafika saa mbili na nusu, unaitwa saa tisa, unasema mistari miwili, unaambiwa "tutakupigia". Nauli ya kwenda na kurudi, chai, chakula cha mchana, vocha. Ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki bila kazi yoyote, kodi ya chumba inaanza kuyumba. Taa imenirudishia gharama yake kwa nauli peke yake, na upesi.

Lakini sababu kubwa ya kuandika tathmini hii si nauli. Dada zangu mnaoanza mnaijua hii. Mtu anakupigia, anajitambulisha kuwa ni prodyuza, anasema ameona picha zako, kuna nafasi nzuri sana, njoo tufanye usaili. Wapi? Lodge fulani, saa mbili usiku, "kwa sababu mchana tuko lokesheni". Au unaambiwa ulete 10,000 ya fomu. Ukikataa unaambiwa una maringo, na wenzako wanaotaka kazi wanakwenda. Kabla sijawa na taa nilikuwa nakataa na kubaki na hofu kwamba labda safari hii ilikuwa kazi ya kweli nami nimeiacha ipite. Sasa nina jibu la heshima na ni lilelile kwa kila mtu: "Asante kaka, nitumie sini, nakurekodia leo hii hii kabla ya saa sita usiku." Mwenye kazi ya kweli anatuma sini. Asiye na kazi ananyamaza, au anaanza kutukana, na hapo unakuwa umeshamjua.

Tena kwa wasiofahamu: kuomba ngono ili kumpa mtu nafasi ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Hifadhini kwenye simu.

Sasa taa yenyewe. Ndani ya boksi kuna duara lenye taa ndogondogo za LED zilizofunikwa kwa plastiki nyeupe, stendi ya kukunja, kishikio cha simu kinachokaa katikati ya duara, waya wa USB wenye kiboksi cha swichi, na kirimoti kidogo cha Bluetooth cha kuanzishia kurekodi. Adapta ya ukutani haimo, tumia kichwa cha chaja ya simu yako. Ina rangi tatu za mwanga: nyeupe inayoelekea bluu, ya njano, na ya katikati. Kila rangi ina ngazi kumi za ukali. Boksi linasema wati 10, na kwa kuwa inatumia USB inawaka vizuri kwenye pawabanki. Pawabanki yangu ya 10,000 mAh inaibeba kwa saa mbili na zaidi ikiwa kwenye mwanga wa kati, na hilo limeniokoa umeme ulipokatika jioni ambayo video ilitakiwa ifike kabla ya saa sita usiku.

Rangi ya kutumia ni ile ya katikati. Nyeupe ya bluu inaifanya ngozi nyeusi ionekane ya majivu, na ya njano inakufanya uonekane umekaa chini ya kibatari. Hapa kwenye ngozi nitakaa kidogo, maana mafunzo mengi yanayozunguka yametengenezwa na watu weupe na ushauri wao hautufai.

Mimi ni mweusi, mweusi hasa. Chumba changu kina ukuta mweupe. Simu ikiachwa ijiamulie yenyewe, inaangalia picha nzima, inaona sehemu kubwa ni nyeupe, inapunguza mwanga wa kila kitu, na uso wangu unazama. Watu wengi hapo wanaongeza taa mpaka ngazi ya kumi. Matokeo yake paji la uso na ncha ya pua vinang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta, na macho bado hayaonekani. Dawa yake ni kuanzia nyuma. Mimi natundika shuka la bluu iliyofifia, lisilo na maua wala maandishi, nikibana kwa pini kwenye kamba ya chandarua. Nasimama mbali na shuka, hatua moja nzima au zaidi, ili kivuli changu kisilifikie. Kisha nabonyeza uso wangu kwenye kioo cha simu na kushikilia kidole mpaka simu ijifunge hapo. Kuanzia hapo simu inapima mwanga kwa ngozi yangu, na taa inatosha kwenye ngazi ya nne au ya tano. Poda kidogo, isiyo na rangi, kwenye paji na pua. Mafuta ya mgando nayapaka nikishamaliza kurekodi.

Halafu usiweke simu katikati ya duara, hata kama ndiko kishikio kilikowekwa. Ukifanya hivyo duara la taa linaonekana ndani ya mboni za macho yako, pete mbili nyeupe, na kila anayetazama anajua papo hapo kwamba unaongea na taa. Mhusika anakufa hapo. Ukiwa mama aliyefiwa na mtoto, zile pete zinamtoa mtazamaji msibani na kumpeleka kwenye tangazo la wanja. Mimi naisogeza taa pembeni kidogo, juu ya usawa wa macho, ikiangalia chini, na simu naiweka kwenye stendi nyingine au juu ya vitabu kwenye kabati. Natundika kitambaa cheupe chepesi mbele ya taa ili mwanga ulainike. Taa za LED hizi hazichomi, lakini hata hivyo usikifunge kitambaa kikaigusa. Upande mmoja wa uso unapata mwanga zaidi, wa pili unabaki na kivuli laini, na sura inakuwa ya mtu aliyeko chumbani kwake kweli. Kwa mwigizaji, hilo peke yake lina thamani ya bei yote.

Kasoro ya kwanza: mwanga wa ngazi za chini unachezacheza. Taa nyingi za bei hii hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka mno. Jicho halioni, ila kamera inaona, na kwenye video inatokea mistari myepesi inayopanda na kushuka. Ngazi ya kwanza mpaka ya tatu kwenye taa yangu haifai kurekodia kabisa. Ukitaka mwanga hafifu, pandisha mwanga mpaka ngazi ya tano kisha isogeze taa mbali.

Kasoro ya pili ni stendi, na hapa sitafunika. Ni dhaifu. Bomba zake ni nyembamba, na vile vikufuli vya plastiki vya kubania urefu vinalegea baada ya muda mfupi. Ukiivuta mpaka mwisho inayumba hata kwa upepo wa feni, na feni ukiizima unatoka jasho kabla sini haijaisha. Mdogo wangu alipata ufumbuzi: chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga, ikafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya katikati, chini, inaning'inia bila kugusa sakafu. Tangu hapo haijaanguka. Vikufuli tumeviimarisha kwa selotepu nyeusi. Anayetaka kubeba stendi hii kwenda kupiga picha nje, ufukweni Coco kwa mfano, aachane nayo, upepo utaiangusha na kioo cha simu kitakuwa cha kwanza kufika chini.

Kirimoti kilifanya kazi vizuri mpaka betri yake ya kidonge ilipoisha. Betri ni rahisi, zipo kwa mafundi saa. Lakini sikihitaji sana, maana nina mdogo wangu.

Yeye ndiye anayenisomea mistari ya mhusika wa pili, na kwenye kazi hii msomaji ni nusu ya usaili. Anakaa kando ya simu, karibu kabisa na kamera, macho yake usawa wa macho yangu, ili nikimtazama yeye niwe natazama pembeni tu ya lenzi. Anasoma kwa sauti ya chini kuliko yangu na haigizi sana. Siku za mwanzo alikuwa anaigiza mpaka analia, na video inakuwa yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipe maneno tu, uchungu niachie mimi." Akanielewa. Ana kipaji cha kusikiliza kuliko watu wengi niliokutana nao kwenye kambi.

Kuhusu sauti, taa haina msaada wowote na ni lazima niseme, kwa sababu video nyingi za chipukizi wenzangu nilizotumiwa niziangalie zina picha nzuri na sauti ya pangoni. Anayechagua anaweza kuvumilia picha ya wastani. Sauti mbaya anaizima. Kwangu mimi ndege zinapita juu ya bati, jirani anapenda singeli, na saa ya kila adhana lazima niijue. Narekodi usiku baada ya saa nne au alfajiri. Natumia hedifoni za waya za simu, maiki yake naibana ndani ya kola ya nguo isionekane, na sakafuni natandika godoro ili mwangwi upungue. Ukiwa na 35,000 tu mfukoni na chumba chako kina dirisha kubwa linalopata mwanga mzuri wa mchana, nunua maiki ya kubana kwenye nguo kwanza, taa itafuata. Mimi dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, sikuwa na hiari.

Na ukishamaliza kurekodi, usiitume kama video ya kawaida ya WhatsApp. Inabanwa, na kazi yote ya mwanga niliyoieleza hapo juu inageuka ukungu. Tuma kama dokumenti, inafika ilivyo. Rekodi simu ikiwa imelazwa kwa upana, ubora wa 1080 unatosha, 4K inakula bando bila faida. Mwanzoni jitambulishe: jina, umri, urefu, unapoishi, lugha unazozungumza, kisha geuka kushoto, geuka kulia, onyesha mikono. Tabasamu moja la kweli. Halafu sini.

Sasa, imenipa nini? Kabla ya taa nilikuwa nimeshacheza, lakini majina ya wahusika wangu yalikuwa Jirani wa Pili, Mteja, Nesi. Nesi nilikuwa na sahani ya chuma mkononi na mstari mmoja, "Daktari, mgonjwa ameamka," na kwenye kuhariri mstari ukakatwa, nikabaki na mgongo. Kuna kazi niliyoahidiwa malipo nikapewa nauli na neno "utatoka tu, vumilia". Neno hilo waigizaji wanaoanza tunalishwa sana. Mama mwenye nyumba halipokei.

Kazi ya kwanza niliyoipata kwa kujirekodi ilikuwa tangazo la redio na mabango, dogo, la mkoani. Sikukutana na mtu yeyote mpaka siku ya kupiga picha. Nilipofika, yule dada aliyekuwa anasimamia waigizaji akaniambia, "Karibu mdogo wangu, video yako ilikuwa safi, tulikuona macho." Akanipa mkataba wa ukurasa mmoja nisaini kabla ya kuvaa. Nilisoma kila mstari nikiwa nimesimama. Mkataba! Na chakula kililetwa kabla ya kazi kuanza, wali na kuku, kila mtu na sahani yake, wale wa kupita nyuma pia. Aliyewahi kusimama juani tangu asubuhi kwa soda na mandazi anaelewa kwa nini nalitaja.

Ya pili ilikuwa tamthilia. Nilitumiwa kurasa mbili, binti anamwambia baba yake kwamba hatarudi shule. Nikairekodi kwa namna mbili, ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa utulivu kabisa nikikunja nguo. Walinipigia kwa ajili ya ile ya kukunja nguo. Sini chache tu, lakini skripti ilipokuja kulikuwa na jina la mhusika, jina la mtu, na pembeni yake langu. Mama yangu yuko Korogwe. Alikwenda kuitazama kwa jirani mwenye king'amuzi, akanipigia usiku ule ule. Hakuongelea uigizaji wangu. Aliuliza, "Mwanangu, yule mzee aliyekufokea vile, ni mtu mzuri lakini?" Nikamwambia ni mzee mpole sana, na wakati wa mapumziko alikuwa ananifundisha namna ya kulia bila kuharibu sauti. Akashukuru, akasema nimpe salamu zake. Nilimfikishia, shikamoo na zote.

Zipo pia zile ambazo sikujibiwa, nazo ni nyingi zaidi. Hili lazima mtu alijue kabla hajatoa pesa yake. Taa inakufikisha machoni pa anayechagua, basi. Hakuna anayelazimika kukuambia kwa nini hukuchukuliwa, na mara nyingi sababu ni urefu wako, au unafanana mno na yule wanayemtaka awe dada yako. Ninachokifanya ni kuhifadhi kila video kwenye kadi, na kila baada ya muda nazitazama za zamani pamoja na mwalimu wangu wa kundi. Yeye ndiye aliyeona kwamba huwa nainua nyusi kila ninapoanza sentensi. Jukwaani haionekani, kwenye simu inaonekana kama mshtuko usioisha. Nimeiacha tabia hiyo, na nisingeijua bila picha iliyo wazi.

Kwa hiyo, nani anunue? Kama unafanya usaili mara kwa mara na chumba chako hakina mwanga, nunua ya inchi 10, usichukue ile ya inchi 6. Ndogo inabidi uiweke karibu mno na uso, na mwanga wake unakatika shingoni. Ya inchi 18 ni nzuri kwa kweli, lakini haitumii USB, inataka umeme wa ukutani, na kwenye daladala huingii nayo. Mkiwa waigizaji watatu au wanne mtaa mmoja, changeni mnunue moja pamoja na maiki moja, msomeane mistari kwa zamu. Sisi wa kundi letu tumeanza hivyo na wawili wameshapata kazi.

Ukifika dukani mwombe kaka aichomeke kabla hujalipa. Pitisha rangi zote tatu na ngazi zote kumi huku ukiirekodi kwa simu yako mwenyewe, uangalie kama kuna mistari. Weka simu yako ikiwa na kava lake kwenye kishikio, kwa sababu vishikio vingine ni vifupi kwa simu pana. Vuta stendi yote, fungua na kufunga kila kikufuli. Mwambie akupe risiti na siku za kubadilisha. Wa kwangu alinipa siku saba na akaniandikia kwa mkono nyuma ya risiti. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya stendi.